Shofaje ya Pili Ndani ya Gari ya Mazutu: Mwenzetu Anaifunga, Mimi Ninaitoa



Siku moja ya mwezi wa kwanza nilikuwa nimelala chini ya Prado ya Baba mudogo, mgongo kwenye karatoni, udongo mwekundu unanidondokea machoni, simu ikalia. Mwenzetu mmoja wa promosio yetu, anayeishi Edmonton kule Kanada, alinitumia ujumbe wa sauti. Anasema: "Yaya, ninataka kufunga jiko ndani ya maji ya gari yangu. Jiko ya mazutu. Batu banasema itanipasukia. Weye unaona namna gani?"

Nilicheka peke yangu chini ya gari mpaka mtoto wa Baba mudogo akainama kuangalia kama niko mzima. Nilicheka kwa sababu mkononi nilikuwa na ufunguo wa 12, na kitu nilichokuwa nafungua ili nikitoe kilikuwa ndugu wa kile mwenzetu anataka kukifunga. Shofaje ya pili. Yeye anahangaika kuiweka, mimi nahangaika kuiondoa, na sote wawili tunakata tiyo ileile.

Nilimwahidi nitamwandikia. Nikaona afadhali niwaandikie ninyi wote, maana kati yetu kuna wengi wenye gari kuukuu za mazutu, au wazazi wetu wanazo, na garaji zinatula pesa kwa sababu hatujui maji yanapita wapi.

Basi tuanze na njia ya maji. Pompi inayasukuma yazunguke silinda, yanapanda kwenye kulasi, yanafika kwenye termosta. Motere ikiwa baridi, termosta imefunga, kwa hiyo maji yanarudi kwenye pompi kwa njia fupi bila kupita radiatere. Yakifika digrii 82 hivi (hiyo ni ya Toyota nyingi za mazutu), termosta inaanza kufunguka na maji yanakwenda mbele kwenye radiatere kupoa. Hizo njia mbili kila shofere anazijua.

Kuna njia ya tatu. Kwenye kulasi kunatoka tiyo nyembamba, unene wa kidole gumba, inapita kwenye bati linalotenga motere na watu, inaingia kwenye radiatere ndogo iliyofichwa nyuma ya tablo, kisha inarudi kwenye pompi. Ventilateri ikipuliza hewa juu ya hiyo radiatere ndogo, ndani ya gari kunakuwa na joto. Hiyo ndiyo shofaje. Haina moto wake yenyewe, inakopa joto ambalo motere ingelitupa. Na njia hii haingoji termosta. Maji yanapita pale hata motere ikiwa baridi, isipokuwa kama kuna robine imefungwa.

Habari yote ya leo inapita kwenye hiyo tiyo ya kidole gumba.

Sasa Edmonton. Motere ya mazutu haina cheche. Inabana hewa mara 19, 20, hata 22, na hewa iliyobanwa hivyo inapata moto kupita digrii 500. Ukinyunyizia mazutu pale ndani, inawaka yenyewe. Ndiyo maana Land Cruiser ya 1HZ, ile ya silinda sita na litre 4.2 tunayoiona kila siku Bunia, asubuhi inahitaji buji za joto kidogo tu kisha inanguruma. Baridi yetu hata tukilalamika inafika digrii 15. Sasa weka gari hiyo kwenye digrii 30 chini ya sufuri. Chuma chote cha motere kinanyonya joto la ile hewa kabla haijafika mahali pa kuwasha mazutu. Mafuta ya motere yanakuwa mazito kama asali, batri inapoteza nguvu wakati ule ule startere inataka nguvu zaidi, na mazutu yenyewe inaanza kuganda. Munajua mawese namna inavyoganda kwenye chupa asubuhi ya baridi kule Fataki? Ndani ya mazutu kuna nta inayofanya vilevile, inaziba filtri. Huko kwao wanauza mazutu ya kipindi cha baridi kwa sababu hiyo, na ninasema mapema: jiko la maji halitengenezi mazutu iliyoganda kwenye tangi. Linapasha motere peke yake.

Watu wengi wa kule wanafunga kipasha-moto cha umeme kwenye motere, usiku wanachomeka waya ukutani. Gari nyingi Kanada unaona waya umetoka mbele kwenye pua, kama ulimi. Lakini mwenzetu anakaa kwenye jengo la ghorofa, anapaki barabarani, hakuna priza. Anafanya kazi ya usiku kwenye depo. Gari yake, Jetta ya mazutu ya 2003, ilikataa kuwaka mara mbili, na kazini walimwambia mara ya tatu asirudi. Ana mke na mtoto wa miezi minane. Kwa hiyo swali lake halikuwa la mchezo.

Hilo jiko ni nini? Ni kisanduku cha chuma unachoweza kubeba kwa mkono mmoja. Makampuni mawili ya Ujerumani ndiyo yanajulikana zaidi kwa kazi hiyo: Webasto, iliyoanzishwa na Wilhelm Baier mwaka 1901, na Eberspächer, ambayo ni ya zamani zaidi, ya 1865. (Jina Webasto ni vipande vya maneno vilivyoshonwa: WE ya Wilhelm, BA ya Baier, STO ya Stockdorf, mji walikohamia. Mimi nilifikiri ni neno la Kiitaliano.) Ndani kuna chumba kidogo cha moto. Pompi ndogo inadondosha mazutu kidogo kidogo, unaisikia tik, tik, tik. Feni inaleta hewa. Pini ya umeme inapata moto mwekundu na kuwasha. Moto unawaka ndani ya ukuta wenye nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo maji ya motere yanapita. Moto na maji havikutani hata siku moja, kama chai yako isivyokutana na makaa. Kwa hiyo wale waliomwambia "itapasuka" walifikiri moto unaingia ndani ya tiyo.

Lile alilopata, la okazio, lina nguvu ya kilowati 5 hivi. Likiwaka kwa nguvu zote linakunywa mazutu kama nusu litre na kidogo kwa saa. Maji yakishapata moto linajipunguza lenyewe, yakizidi linazima. Nusu saa kabla ya kutoka nyumbani, linawaka. Akifika kwenye gari, motere tayari ni vuguvugu, kioo kimeyeyuka barafu, na startere inazungusha motere ambayo ni kama imelala Bunia.

Kuhusu kulifunga, nilimwandikia hivi, na ninawaandikia pia kwa sababu hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza kabla hajaniuliza tena.

Unatafuta tiyo inayopeleka maji ya moto kutoka kulasi kwenda shofaje ya tablo. Si ile inayorudi. Njia ya kuijua: washa motere baridi, weka mkono kwenye zote mbili, ile inayopata moto kwanza ndiyo inayokwenda. Unaikata pale, unaingiza jiko katikati. Maji yanatoka motere, yanaingia kwenye pompi ndogo ya jiko, yanapita kwenye moto, yanakwenda kwenye shofaje, yanarudi motere. Mshale wa pompi ndogo uelekee kule maji ya motere yanakoelekea. Mwenzetu aligeuza. Gari ikiwa imezimwa, kila kitu kilikwenda vizuri, akafurahi, akatuma picha. Akiwasha motere, pompi kubwa ya motere na pompi ndogo ya jiko zikaanza kusukumana kama watu wawili mlangoni, maji yakasimama ndani ya jiko, jiko likaona moto umezidi, likajizima na kukataa kuwaka tena. Akaniambia, "Yaya, imekufa." Haikufa. Ilijilinda.

Tena, jiko na pompi yake vikae chini, chini kabisa kuliko chupa ya maji ya akiba, ili hewa ipande na maji yashuke. Muzee mmoja aliyefanya kazi zamani kwenye atelie ya Kilo-Moto pale Bambu alikuwa akituambia sisi watoto wa shule tuliokwenda kumwangalia akichonga vyuma: pahali hewa inakaa, maji hayapiti. Sikujua nitamkumbuka kwa ajili ya Kanada. Ukishafunga, jaza maji na antijeli, inua pua ya gari kwenye mteremko, fungua robine ya shofaje mpaka mwisho, acha kifuniko wazi, acha motere izunguke polepole mpaka mapovu yaishe. Kisha ongeza. Kisha angalia tena kesho yake, motere ikiwa baridi.

Na moshi. Hapo sikumwonea haya, nilimwandikia kwa herufi kubwa. Jiko lina bomba lake la moshi, dogo kama kidole, na moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi ambayo huioni na huinusi. Bomba litoke nje, chini, mbali na mahali gari inavutia hewa ya ndani, na jiko lisiwashwe kamwe ndani ya garaji iliyofungwa. Ana mtoto mchanga anayelala kwenye kiti cha nyuma. Motere utanunua nyingine.

Mengine ni madogo: mazutu ivutwe kwa tiyo yake yenyewe kutoka tangi, isikatwe kwenye tiyo ya motere, waya wa umeme uwe na fyuzi karibu na batri, na ukiwasha jiko nusu saa, tembea na gari angalau nusu saa, la sivyo utakuta umepasha motere lakini umeua batri.

Sasa turudi Bambu, chini ya Prado.

Baba mudogo aliinunua ile gari kutoka kwa mtu aliyeileta kupitia Mombasa na Kampala. Ni ya 1997, motere 1KZ, silinda nne na turbo, usukani kuume kama gari nyingi za Japani zinazoingia Ituri kwa mlango wa Uganda. Anabeba watu na bidhaa kati ya Bambu na Bunia kupitia Nizi na Iga Barrière. Na hospitali ikiandika mgonjwa ahamishiwe Bunia, mara nyingi familia inakuja kugonga kwake. Minervali ya watoto watano iko juu ya magurudumu manne hayo.

Tangu mwezi wa tisa gari ilikuwa inakunywa maji. Si mengi. Litre moja, litre mbili kwa safari. Baba mudogo alibeba bidoni nyuma na akazoea. Mpaka jioni moja alipobeba mama mwenye mimba aliyekuwa anatoka damu. Kwenye kilima sindano ya joto ilipanda mpaka juu, mvuke ukatoka. Munajua barabara hii yetu na munajua barieri: giza ikiingia, kila dakika ina bei yake. Walisimama. Shofere msaidizi alishuka bondeni na bidoni kutafuta maji, motere inachemka, mama anaugua kwenye kiti cha nyuma, na mama mkwe wake anaomba kwa sauti. Walingoja karibu saa nzima kabla hawajathubutu kufungua kifuniko. Walifika. Mama na mtoto wako hai, ninamshukuru Mungu na wale manesi. Lakini Bambu ni ndogo, na wiki iliyofuata hakuna aliyegonga mlango wa Baba mudogo usiku.

Akapeleka gari garaji moja mjini. Wakaangalia dakika kumi, wakamwambia: "Muzee, ni kulasi. Imepasuka. Dola mia sita, na kazi tutaongea." Sikatai kwamba 1KZ inajulikana kwa hilo, ukiichemsha, kulasi yake inapasuka upesi. Lakini hakuna aliyepima kitu. Baba mudogo alirudi na kuanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja chake cha pembeni.

Mimi nilikuwa nimemaliza elektromekaniki, ninafundisha fizikia sekondari, na mshahara munaujua. Nilimwambia anipe siku mbili. Akaniangalia kwa muda. "Weye ulisoma mu makaratasi. Hii ni chuma." Sikujibu. Ilikuwa kweli nusu.

Kwanza niliuliza motere yenyewe. Asubuhi, ikiwa baridi, nilifungua kifuniko cha radiatere na kuwasha. Kulasi ikiwa imepasuka, au jointi yake imeungua, moshi wa silinda unaingia kwenye maji na unaona mapovu hayaishi. Hakukuwa na mapovu. Nikavuta kipimo cha mafuta: meusi, safi, si ya rangi ya kahawa yenye maziwa. Nikanusa moshi nyuma: hauna ule mvuke mweupe wa utamu. Ishara tatu, na zote zinasema kulasi haina kosa. Haitoshi kuapa mahakamani, lakini inatosha kuzuia mtu asiuze kiwanja.

Basi maji yanakwenda wapi? Chini ya gari, mbele, pakavu. Pale inapopaki, pakavu. Hapo ndipo wote walishindwa, kwa sababu walitafuta maji mbele, kwenye radiatere, na walitafuta gari ikiwa imesimama.

Nilimwomba Baba mudogo atembee nayo mpaka ipate moto, arudi, asizime. Nikaingia chini na tochi. Nyuma, karibu na kati ya gari, juu ya shasi, niliona mstari wa kijani umekaushwa na vumbi, na tone moja linakua polepole. Linakua, linadondoka kwenye chuma cha moto, linaisha kabla ya kugusa ardhi.

Kwa nini kuna maji huko nyuma? Kwa sababu Japani si Tokyo peke yake. Kaskazini kuna Hokkaido, theluji mpaka kiunoni, na gari nyingi za familia zilitengenezwa na shofaje ya pili kwa ajili ya watu wa nyuma. Ile tiyo ya kidole gumba, kabla ya kuingia kwenye tablo, inagawanyika. Mgawanyiko mmoja unashuka chini ya gari kwa bomba mbili za chuma, unakwenda kwenye radiatere ndogo nyingine chini ya kiti, unarudi. Mtu wa Hokkaido alibonyeza kitufe na miguu ya watoto wake ikapata joto. Gari ikazeeka, ikauzwa, ikavuka bahari, ikafika kwetu ambako hakuna aliyewahi kubonyeza kitufe kile. Baba mudogo alifikiri ni cha redio. Lakini maji yalikuwa yanapita pale kila siku, ndani ya bomba za chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 25, chini kabisa, mahali mawe ya barabara ya Nizi yanapiga na matope yanakaa wiki nzima. Zikaoza. Na tangu watu walipoanza kujaza maji ya mto badala ya antijeli, zikaoza kutoka ndani pia, maana antijeli si ya baridi tu, ina dawa ya kuzuia kutu.

Na tundu dogo kama sindano linafanya madhara makubwa kuliko maji linayopoteza. Bunia iko mita 1 275 hivi juu ya bahari. Kwenye sufuria ya wazi, maji pale yanachemka kwa digrii 96 hivi, si 100. Kifuniko cha radiatere kinabana maji ndani kwa nguvu ya karibu bar 0.9, na hapo maji hayachemki mpaka digrii 115 na kitu. Hiyo tofauti ya digrii karibu 20 ndiyo inakupandisha kilima. Ukiwa na tundu, au kifuniko chenye mpira uliokatika, shinikizo linatoka na umerudi kwenye sufuria ya wazi. Motere ileile, kilima kilekile, lakini sasa inachemka. Nilipofungua kifuniko cha Baba mudogo, mpira wake ulikuwa umepasuka kama kisigino. Kununua kingine Bunia ni bei ya kuku.

Kazi yenyewe ilichukua alasiri moja. Watu wengi wakikuta bomba za nyuma zimeoza wanafunga kila tiyo kwa bulonu na kolie. Itashika miezi kadhaa, kisha bulonu itashika kutu na utarudi. Wengine, vibaya zaidi, wanaziba shofaje yote, ya mbele na ya nyuma. Mimi niliondoa vigawanyio vyote viwili vya T upande wa motere, nikaweka tiyo mpya nzima moja kwa moja, kulasi mpaka tablo, na nyingine tablo mpaka pompi, kolie mpya nne. Bomba za nyuma nikaziacha zimekufa chini ya gari, kisanduku cha shofaje nikakitoa. Hicho ndicho nilikuwa nafungua simu ilipolia.

Shofaje ya mbele niliibakiza makusudi, hata kama Bambu hakuna theluji. Kwenye kilima sindano ikianza kupanda, zima klimatizeri, fungua shofaje mpaka mwisho na ventilateri kwa nguvu zote. Mutatoka jasho kama watu wa Kisangani, lakini umeipa motere radiatere ya pili. Imeokoa kulasi nyingi.

Na termosta. Ile garaji walikuwa wameitoa zamani, "ili motere ipoe vizuri." Ninasikia sentensi hii kila wiki. Kwenye motere nyingi za Toyota, termosta ina sahani ya chini inayofunga ile njia fupi maji yakipata moto. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuona radiatere. Kwenye tambarare hutajua. Kwenye kilima, na mzigo, utajua. Kwenye mteremko kinyume chake, motere inakuwa baridi kupita kiasi na inakula mazutu. Nilirudisha termosta, na kabla ya kuirudisha niliitumbukiza kwenye sufuria ya mama yangu mdogo juu ya makaa ili nione ikifunguka. Ilifunguka. Sufuria nilipaswa kuisugua mara tatu, na bado ananikumbusha.

Kisha tukajaza. Antijeli nusu, maji safi nusu, tukainua pua ya gari kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, kifuniko wazi, tukangoja mapovu. Yalitoka mengi. Baba mudogo alisimama mikono nyuma, haongei. Gharama yote, pamoja na antijeli, haikufika dola 70.

Safari ya kwanza nilikwenda naye mpaka Bunia, macho yangu kwenye sindano kuliko barabarani. Kwenye kilima kile kilekile ilipanda kidogo, ikasimama katikati, ikakaa hapo. Bidoni nyuma haikufunguliwa. Akaniambia tu: "Sawa." Kisha baada ya Iga Barrière: "Na ile kisanduku uliyotoa, utaifanya nini?"

Nimeihifadhi. Radiatere yake ndogo ni ya shaba na haivuji, ventilateri yake inazunguka. Mwenzetu wa Edmonton aligeuza pompi, jiko lake limewaka kila siku tangu hapo, na ananiandikia kwamba tatizo lake la sasa ni mtoto nyuma: joto la mbele halimfikii. Anauliza kama kuna namna ya kuweka shofaje ya pili.

Ninatafuta bei ya kutuma mzigo.